Gauni Lililokwenda Katwe Likarudi

Nilikuwa nimekaa pale Kikorongo, kwenye benchi la mama mmoja anayechoma mahindi, nikisubiri gari la kunipeleka Katwe, ndipo wakaja waendesha baiskeli. Wazungu sita na kijana wetu mmoja wa kuwaongoza, wote na kofia ngumu kichwani, chupa za maji zikining'inia, kaptula zimewabana mapaja mpaka mama wa mahindi akageuza uso. Siku hizi hiyo ni starehe ya watu: unalipia kuendesha baiskeli juani, uvuke mbuga, ufike kwenye bandari ndogo ya ziwani, upige picha mitumbwi na viboko, kisha urudi kwa gari. Mmoja wao, mwanamke aliyeiva pua kwa jua, aliniuliza kupitia kwa yule kijana kama huko Katwe ni pazuri. Nikamjibu ni pazuri. Ningemwambia nini kingine? Kwamba mimi njia hiyo niliipita nikiwa na miaka minane, nyuma ya baiskeli ya baba, nikiamini napelekwa kuachwa?

Mapajani nilikuwa na kavera jeusi, mfuko wa plastiki, na ndani yake gauni la buluu lenye kola nyeupe. Nililitoa kwenye sanduku la mama wiki tatu baada ya kumzika. Alikuwa amelikunja pamoja na kifurushi cha chumvi ya Katwe, ile ya mawe, inayonuka mayai viza, na kwa miaka yote hiyo vitu hivyo viwili vilikaa gizani vikiambukizana harufu. Nilipoinua kifuniko nilijikuta nimekaa chini sakafuni. Nilijua hapo hapo kwamba safari niliyoikwepa maisha yangu yote nimefika mwisho wa kuikwepa.

Kwetu sisi Wakonzo, jina la mtoto ni zamu yake. Msichana wa kwanza kwa mama yake ni Masika, wa pili ni Biira, na kuendelea hivyo hivyo, kwa hiyo ukitajiwa jina la mtu unajua mara moja kama kuna aliyemtangulia. Mimi ni Biira. Nyumbani kwetu Bwera, mpakani na Kongo, mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, nyuma yangu wadogo wawili wa kiume, na hapakuwa na Masika. Hilo halikunishangaza. Nyumba nyingi za jirani zilikuwa na pengo kama hilo, na mimi nilijua maana yake moja tu: mtoto alikufa, na mama yake haulizwi. Niliwahi kuuliza mara moja, nikiwa bado sina adabu. "Mama, Masika wetu alikufa na nini?" Mama aliuacha mwiko ndani ya sufuria, akatoka nje. Ugali wa muhogo ukaungua. Baba akanivuta kando akaniambia, "Hiyo usiulize tena," nami nikaona nimethibitishiwa. Tena nilikuwa na ushahidi mwingine. Mama alipoulizwa kliniki ana watoto wangapi, alisema wanne. Sisi tulikuwa watatu. Nilimwona mama yangu ni mtu mwema sana, anamhesabu hata marehemu.

Basi msimu mmoja, baada ya kuvuna kahawa, mama alikwenda soko la Mpondwe akarudi na kitambaa cha buluu, safi, cha kung'aa. Nilicheza nyumba nzima. Alipokuja fundi cherehani kupima, mama hakuniita mimi. Alimwita binti wa jirani, msichana wa darasa la mwisho pale shuleni, akamsimamisha mlangoni, fundi akampima mabega, mikono, kiuno. Nikauliza kwani mimi sipo. Fundi alikuwa na sindano mdomoni, akacheka kwa pembeni. "Wewe utakua," akasema. Mama akageuka kukunja kitambaa kilichobaki.

Hapo ndipo furaha yangu ilipoanza kuchacha. Mwaka uliotangulia, rafiki yangu mmoja alipelekwa kwa shangazi yake Karusandara akasaidie kulea mtoto, na kabla hajaondoka alishonewa nguo kubwa kuliko yeye, ili zimfae mpaka atakaporudi. Hakuwa amerudi. Kwa hiyo nilikuwa na elimu yangu kuhusu nguo kubwa. Nguo inayokutosha ni ya Krismasi. Nguo inayokupita ni ya kwenda kuishi kwa watu, na jinsi inavyokupita ndivyo utakavyokaa huko. Nilipima gauni lile kwa macho lilipokuwa juu ya kamba, nikaona nitakaa miaka minne.

Siku ya kuondoka mama aliniamsha mapema, akanipaka mafuta mpaka nyuma ya masikio, akanivalisha ndala mpya. Alipanga mfuko: unga wa muhogo, miche miwili ya sabuni, na gauni juu kabisa, limefungwa kwenye khanga yake mwenyewe. Kisha akanishika uso kwa mikono yote miwili akaniangalia kwa muda mrefu, macho yamejaa maji. Mama yangu hakuwa mtu wa kumwangalia mtoto hivyo.

"Uende na baba," akasema. "Kule uwe na adabu."

"Kwa nani?"

"Utawaona."

Mtoto mwingine angelia. Mimi nilipanda baiskeli kimya, kwa kiburi. Nilijiambia kama hawanitaki basi hawatayaona machozi yangu.

Baba alikuwa seremala, mtu wa maneno machache, na baiskeli yake nyeusi ndiyo iliyopiga kelele kwa niaba yake. Alikuwa amekunja gunia akalifunga juu ya keria iwe kiti changu, na mfuko wa mama ukaning'inia kwenye usukani. Tuliteremka kutoka Bwera jua likiwa bado nyuma ya vilima, malori ya Kongo yakitupita na kutumwagia vumbi, na kila tulipofika mahali pa kupanda, baba alishuka akasukuma, mimi nikiwa nimekaa juu kama bibi harusi. Hapo hapo Kikorongo tulikunywa chai na chapati. Alininunulia chapati mbili. Nikaiweka hiyo nayo kwenye ushahidi.

Baada ya hapo barabara inaingia mbugani, na watu wa baiskeli hawakuwa wanaingia mmoja mmoja. Walingojana, kwa sababu ya tembo. Tuliwapata wachuuzi wawili wa samaki wanaokwenda na matenga matupu, tukaongozana nao. Mbele kidogo askari wa mbuga akainua mkono.

"Simama! Wewe muzee, kuja hapa. Unabeba nini?"

Baba aliiegemeza baiskeli kwenye paja. "Unga, afande. Na sabuni. Na nguo kidogo."

"Toa nione."

Askari alifungua khanga ya mama, akaliinua gauni juu kwa mabega yake, likapepea pale barabarani mbele ya wachuuzi na mbele yangu. "Hii iko ya nani?"

Baba aliliangalia gauni, akaniangalia mimi, akaiangalia barabara. "Iko ya mutoto, afande."

Askari akanipima kwa jicho, akaangua kicheko. "Huyu? Haya, atakua. Pita, lakini mukae pamoja. Ndovu iko mbele."

Nao walikuwepo kweli, mama na mtoto na wengine wanne, wakivuka taratibu kama watu wanaotoka kanisani. Tulisimama mbali. Muda wote huo baba alikuwa amerudisha mkono wake nyuma, amelishikilia goti langu. Baba hakuwa na mazoea ya kunishika. Nikajua ni mkono wa kuagana, nikauacha hapo, wala sikuusukuma.

Katwe tuliifikia kwa pua kabla ya macho. Nilimuuliza baba nani amechemsha mayai mabovu ya mji mzima, akacheka mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani, akanieleza kwamba ni ziwa la chumvi. Mji umekaa katikati ya maziwa mawili, la chumvi upande huu na la samaki upande ule, na nyumba zake zimebanana hapo kama watu waliowahi benchi. Tulipita mwaloni, pale mitumbwi inapovutwa mchangani. Wanawake walikuwa wakipara samaki, ndege wakubwa wenye upara wakiwasubiri kwa heshima, na kiboko mmoja alikuwa akila majani nyuma ya duka la sukari, na hakuna aliyemjali. Mimi maji mengi niliyowahi kuyaona ni ya mto. Nilipoona maji yanakwenda mpaka yanagusa mawingu, nilijua kwamba hapa ndipo dunia inapokwisha, na kwamba baba amechagua mahali ambapo sitaweza kurudi kwa miguu.

Nyumba tuliyofikia ilikuwa na mabati yaliyoliwa na chumvi. Mbele yake alikaa mwanamke mzee, mrefu, macho yake yana ukungu mweupe. Kwao ni ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko.

"Uko na nani?" akamuuliza baba, bila kugeuza kichwa.

"Niko na Biira, mukaka," baba akasema. Mukaka ndiyo bibi kwetu.

"Biira." Akalionja jina. "Biira ya Mama Masika."

Sikuwahi kumsikia mtu akimwita mama yangu hivyo. Nyumbani alikuwa Mama Biira. Kabla sijaelewa kitu, msichana akaingia uani na karai la chumvi kichwani, miguu yake myeupe mpaka magotini kwa magadi, akalitua karai, akainua uso. Ulikuwa uso wa mama. Nyusi za mama, kidevu cha mama, hata ile namna ya kubana midomo kabla ya kusalimia. Mukaka akasema, "Masika, leta viti." Mimi ambaye nilikuwa nimeshamzika Masika kichwani mwangu miaka yote hiyo, nilijificha nyuma ya baba.

Mambo mengine niliyapata siku hiyo nikiwa nimekaa sakafuni, na mengine nikiwa mtu mzima. Mama, kabla ya baba, aliolewa hapo Katwe na mvuvi, mtoto pekee wa yule mzee. Ziwa likamchukua. Mama alipotaka kurudi kwao Bwera na mtoto wake, mukaka alisema ziwa limeshampokonya mmoja, Bwera haitampokonya wa pili. Mama akaondoka mikono mitupu. Mara mbili alirudi kumwomba mtoto, na mara zote mbili aligeuzwa mlangoni bila kumwona. Ndipo baba, ambaye Masika hakuwa damu yake hata tone, akasema atakwenda yeye. Na alinichukua mimi kwa sababu, kama alivyomwambia mukaka jioni ile, "Nimeleta huyu muone. Anaitwa wa pili, na kwake hajawahi kuona wa kwanza."

Ni maneno mazuri. Nayakumbuka sasa yananiuma kwa uzuri wake. Lakini siku ile sikuyasikia, kwa sababu nilikuwa nasikiliza jambo jingine. Mukaka alikuwa ameuliza, "Huyu akienda, mimi nabaki na nani? Macho yangu iko inakufa." Halafu akaninyooshea mkono, akanipapasa bega, kiwiko, kiganja, kama anayechagua kuku. "Na huyu, anajua kupika? Anaweza kubeba maji?"

"Huyu bado mudogo, mukaka," baba akasema.

Bado! Hapo kila kitu kilijipanga kichwani mwangu. Ni kubadilishana. Masika atapanda kwenye lile gunia, aende kwa mama, alale kwenye mkeka wangu, na mimi nibaki hapa na mwanamke asiyeona, na gauni la kunitosha miaka minne.

Alfajiri nilipoamka, baba na mukaka walikuwa wameshatoka kwenda mwaloni kuipokea mitumbwi. Masika alikuwa amesimama karibu na mfuko wetu. Aliniambia panya wa Katwe ni wezi, ameutundika juu ya msumari. Nikamshukuru. Akaniambia nimfuate akanionyeshe chumvi.

Tuliteremka mpaka kwenye vidimbwi vilivyochimbwa kando ya ziwa, kila kimoja na mwenyewe, vimepakana kwa vijiti na matope. Maji yake yalikuwa mekundu kama chai ya rangi. Masika alinionyesha cha mukaka, akanikataza nisitie mkono kwa sababu nilikuwa na kidonda. Yeye aliingia. Alitembea ndani ya maji yale polepole, akiivunja chumvi kwa miguu, na nikaona nyufa kwenye visigino vyake, na nikaona anavyong'ata meno asilie. Alikuwa na miaka kumi na miwili hivi. Nilitaka kumwonea huruma. Sikuthubutu, kwa sababu mtu ukimwonea huruma utataka aondoke, na yeye akiondoka mimi ndiye nitakayesimama pale.

"Mama alituma nini?" akaniuliza, hajaniangalia.

"Unga. Sabuni." Nikachezea ndala yangu. "Na gauni."

"Gauni iko ya nani?"

Sasa hapa ndipo pana kazi ya kusema kweli. Ningeweza kusema sikujua. Mpaka siku hiyo asubuhi, kweli sikujua. Lakini alipouliza alikuwa amesimama mbele yangu, jua limempiga mabegani, na mabega yake yalikuwa ya binti wa jirani, na mikono yake ilikuwa ya urefu ule ule alioupima fundi. Nililiona gauni lile juu yake kama limeshavaliwa. Nilijua. Nilijua, na nikafungua kinywa changu chenye adabu nikasema:

"Iko yangu. Mama alisema nitakua."

Masika alivunja chumvi hatua tatu, nne. Halafu akauliza tena, sauti yake ya chini sana, "Anasemaga jina yangu?"

"Hapana," nikasema. Na hilo lilikuwa kweli, kwa hiyo nililisema kwa nguvu zaidi.

Mchana mukaka alilegea. Sijui ni samaki baba aliowapara asubuhi au ni yale maneno ya wa kwanza na wa pili, lakini alipiga goti lake akasema, "Mimi nimezeeka, sitaki laana ya mutu. Muulize mwenyewe. Akitaka kwenda, aende." Baba akamgeukia Masika. Hakumbembeleza. Alimwambia, "Mama yako anakungoja. Nyumba iko, shule iko. Mimi sitakuwa baba wa kukupigia kelele." Nilikuwa nimeegemea nguzo, nimeikumbatia kwa mikono yote miwili.

Masika aliniangalia mimi, si baba. "Nabaki na mukaka," akasema.

Mkono wa baba ulikuwa juu ya mfuko, ambao alikuwa ameushusha msumarini, na vidole vyake viligusa khanga ya mama. Kisha akautoa mkono. Aliwapa unga na sabuni, akaaga. Mukaka akatufungia chumvi kidogo ya kumpelekea mama. Tulipoondoka Masika alikuwa tayari amejitwika karai.

Nami, Mungu anisamehe, njia nzima niliimba. Niliimba nyimbo zote za darasa la Jumapili, nikampungia mkono yule askari. Baba hakuimba na hakunikataza.

Mama alikuwa amesimama barabarani, pale tunapoiacha kwenda kwetu. Alikuwa amevaa nguo ya kanisani. Baadaye niliona kwamba alikuwa ameazima godoro kwa jirani na kulitandika karibu na mkeka wangu, na kwamba alikuwa amechinja kuku, jambo ambalo nyumbani kwetu lilitaka sababu. Alituona kwa mbali, akainua kichwa kutazama nyuma ya mabega ya baba. Aliona kichwa kimoja. Akatazama barabarani nyuma yetu, kama vile labda mwingine anakuja kwa miguu.

Ndani, mama alifungua mfuko, akalikuta gauni.

"Hakuipenda?" akauliza.

"Sikuitoa," baba akasema. "Amesema anabaki. Ningeitoa hapo, ingekuwa kama nimekuja kumununua na nguo."

"Na yeye hakuuliza kama nimemutumia kitu?"

"Hakuuliza."

Mimi nilikuwa nimekaa na paja la kuku mkononi. Nilikuwa na jibu. Lilikuwa limefika kwenye meno. Nilitafuna nyama, nikameza vyote kwa pamoja. Mama aliliweka gauni ndani ya sanduku, akaweka chumvi juu yake, akafunga. Usiku huo nililala kwenye godoro la kuazima, na hakuna mtu aliyenifukuza.

Gauni lile sikulivaa. Nilifika umri wa kunitosha, nikaupita, na mama hakulitoa. Mukaka alipofariki Masika alikuwa ameshaolewa huko huko, na mara mbili alikuja Bwera kututembelea, mtoto mgongoni, samaki wakavu kwenye kikapu. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mgeni, akishukuru kwa kila kikombe. Mama alimmenyea ndizi. Mara mbili nilifungua kinywa nimwambie, na mara mbili nikajikuta namuuliza bei ya samaki. Kwenye mazishi ya mama alisimama na majirani, si na sisi. Nilimwona. Sikumwita.

Gari la Katwe likaja, nikawaacha wale Wazungu na chupa zao. Kwa gari ni mwendo mfupi wa kuaibisha. Harufu ilikuwa ile ile.

Nilimkuta Masika mwaloni, chini ya kibanda cha nyasi, anapara samaki. Amekuwa mwanamke mnene, sauti kubwa, na uso ni wa mama siku za mwisho. Aliponiona alifuta mikono akauliza nimekuja na nani, na kuna nani mgonjwa. Nikasema nimekuja peke yangu, hakuna mgonjwa. Nikamwekea kavera mapajani. Alilitoa gauni, akalishika kwa mabega.

"Nilikudanganya," nikasema, haraka, kabla sijauliza bei ya kitu chochote. "Asubuhi ile kwenye chumvi. Haikuwa yangu. Mama hakusema nitakua, ni fundi alisema. Niliona ni yako, nikasema ni yangu. Ndiyo maana ulikataa. Mama amekufa anaamini hukuuliza kitu, na uliuliza."

Masika alilitandaza gauni juu ya magoti, akalinyoosha kola kwa kidole kimoja.

"Nilijua iko yangu," akasema.

"Ulijua vipi?"

"Asubuhi ile wewe unalala, nilifungua mufuko. Nikaivaa. Ilinitosha kabisa, mpaka hapa kwa mikono. Mama hakuniona miaka yote ile, na ilinitosha." Akagusa mkono wa gauni. "Nikaivua, nikarudisha. Halafu ndiyo nikakupeleka kwa chumvi."

"Sasa kwa nini uliniuliza?"

"Nilitaka kujua kama munanitaka huko. Mutu mukubwa anaweza kutumwa kusema maneno mazuri. Mutoto hawezi. Nikasema, acha nimuulize Biira."

Miaka yote hiyo nilikuwa nimebeba dhambi ya uongo mmoja kuhusu nguo. Nilikuwa nimeibeba vibaya. Kumbe hakuuliza habari za nguo hata kidogo, na jibu langu lilikuwa limefika mahali ambapo mimi mwenyewe sikuwahi kupaangalia. Machozi yalinitoka mbele ya wale wanawake wote wa samaki.

"Nilikuwa naogopa," nikasema. "Nilidhani ni kubadilishana. Wewe uende, mimi nibaki na mukaka. Aliniuliza kama najua kupika."

Masika aliacha mdomo wazi. "Wewe? Ubaki?" Kisha kicheko kikamshika, akacheka mpaka akajifuta macho kwa kiwiko kwa sababu viganja vilikuwa bado na magamba. "Mukaka alikuwa anauliza kila mutu hivyo! Hata padri alimuuliza!" Nami nikacheka. Tulipomaliza kucheka jambo lilikuwa bado liko pale pale kati yetu, halikuwa limepungua.

"Niulize tena," nikamwambia.

"Nini?"

"Uliyoniuliza kwenye chumvi. Niulize tena."

Aliniangalia kwa muda, akaona sitanii. Akaliinua gauni kidogo. "Gauni iko ya nani?"

"Iko yako, Masika. Mama alikushonea wewe. Na mimi nilitaka uje."

"Wewe ulikuwa hutaki."

"Sasa nataka."

Akatikisa kichwa, si kukubali wala kukataa. Ndege mmoja mwenye upara alisogea karibu na samaki, akamfukuza kwa mguu. Kisha akauliza la pili, na sauti yake ikawa ile ya chini, ya miaka kumi na miwili. "Na jina yangu? Alikuwa anaisemaga?"

"Hakulisema," nikamjibu. "Nilikwambia kweli. Lakini kila alipoulizwa ana watoto wangapi, kliniki, kanisani, mpaka kwenye kitanda cha hospitali, alisema wanne. Nyumbani tulikuwa watatu, na hakukosea hata mara moja."

"Wanne," Masika akasema.

Alilikunja gauni taratibu, kola ndani, kama mama alivyolikunja, akaliweka mbali na samaki lisipate shombo. Akapapasa chini ya benchi, akatoa kisu cha pili, akakifuta kwa khanga yake, akanipa upande wa mpini.

"Kaa," akasema. "Samaki bado iko mingi."